Mlango wa ndani hotelini: jibu kwa Mama Kulwa wa Mwanza

"Tuko saba. Mimi na mume wangu, mama yangu mzazi mwenye miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua, binti yetu wa miaka 13, mapacha wetu wa kiume Kulwa na Doto wa miaka 7, na kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu. Disemba tunakwenda Arusha kulala siku tatu kuanzia tarehe 19, kisha Moshi siku nne. Mwezi wa nane tulisafiri mji mwingine, nikaandika kwenye programu ya kubuku kwamba naomba vyumba vinavyoungana. Tulipofika usiku tukapewa kimoja ghorofa ya kwanza na kingine ya tatu. Mume wangu alilala juu na mapacha, mimi chini na mtoto, na Doto alilia usiku kucha akinitaka. Safari hii nifanyeje nipate vyumba vyenye mlango wa kupitia ndani? Na je, nitalipishwa zaidi?" Mama Kulwa, Mwanza.

Mama Kulwa, pole sana kwa usiku ule, na mfikishie mama shikamoo yangu. Nimekaa mapokezi na kwenye dawati la bukingi hapa Arusha miaka kumi na minne. Sentensi uliyoiandika kwenye ile programu nimeisoma mara nyingi mno, kwa hiyo ngoja nikuambie ilikwenda wapi.

Programu za kubuku, Booking.com na wenzake, zina kisanduku cha maombi maalum. Unachoandika humo hakimfungi mtu. Ulichonunua ni aina ya chumba, idadi ya vyumba na tarehe, na hayo ndiyo hoteli inawajibika kukupa. Ombi lako linakuja chini kabisa ya karatasi, pamoja na la yule anayetaka ghorofa ya juu na la yule anayetaka mto wa ziada. Anayelisoma ni mhudumu anayegawa vyumba siku unayofika, au jioni ya kuamkia siku hiyo. Vyumba vinavyofaa vikiwa wazi, atakupa. Vikiwa na watu, hana la kufanya. Kampuni kubwa za hoteli zenyewe zilichelewa katika hili: ilikuwa mwaka 2021 ndipo Hilton walipotangaza kwamba mgeni anaweza kubuku mtandaoni vyumba vyenye mlango wa ndani na kupata uthibitisho papo hapo. Hoteli nyingi za kwetu hazina kitufe cha namna hiyo. Kwetu njia ni simu, WhatsApp, na mtu mwenye jina.

Kisha kuna neno lenyewe. "Vyumba vinavyoungana" kwako maana yake ni mlango. Kwa mhudumu inaweza kuwa vyumba vinavyopakana ukuta, namba 204 na 205, basi. Hotelini kazi nyingi inaandikwa kwa Kiingereza, na humo maneno ya vyumba vyenye mlango wa ndani, vyumba vya ubavu kwa ubavu na vyumba vya jirani yanakaribiana sana masikioni. Nimeona mameneja wakiyachanganya. Mgeni anaambiwa "ndiyo, vipo" kwa moyo mweupe kabisa, akifika anakuta milango miwili ya koridoni, na hakuna aliyekusudia kumdanganya. Kwa hiyo usitaje jina, eleza kitu chenyewe: nataka vyumba viwili ambavyo kati yake kuna mlango, mtoto atoke kimoja aingie kingine bila kukanyaga korido. Mhudumu akirudia maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe, mmeelewana.

Ukishaelewana naye, uliza kama mlango huo upo kwenye jengo lao. Mhudumu wa mapokezi anaweza kukubadilishia chumba, kukuletea kitanda cha ziada, hata kukuombea punguzo, lakini hawezi kutoboa ukuta. Hoteli nyingi za katikati ya Arusha, kuanzia Mnara wa Saa kwenda Kijenge na Kaloleni, zimejengwa kwenye viwanja vyembamba, ghorofa juu ya ghorofa, vyumba pande mbili za korido na tofali zima kati ya chumba na chumba. Moshi mjini hivyo hivyo. Mlango wa ndani utaupata zaidi kwenye hoteli zilizochorwa tangu mwanzo kupokea mikutano na familia za watalii. Hata huko jozi za vyumba vyenye mlango huo huwa chache. Nilikokaa muda mrefu zaidi tulikuwa na vyumba 64 na jozi nne tu. Sababu ni sauti: mlango hauzibi kama ukuta, na mgeni wa kikazi aliyelazwa upande wa pili anasikia simu ya jirani yake hadi saa sita usiku, asubuhi anakuja kulalamika. Mwenye hoteli hataki nyingi za namna hiyo.

Uliza pia kama mlango unafunguka hadi leo. Nimeingia vyumba ambavyo kabati la nguo lilisukumwa mbele yake miaka mingi iliyopita, na ufunguo hakuna anayejua ulipo. Kwenye orodha ya hoteli vyumba hivyo bado vinahesabiwa kuwa na mlango.

Sasa nafika kwenye jambo linaloangusha familia nyingi kuliko yote hayo, na hapa naomba usome taratibu.

Hoteli inauza vyumba kwa aina: singo, dabo (kitanda kimoja kikubwa), twini (vitanda viwili vidogo), tripo, chumba cha familia. Jozi zenye mlango mara nyingi zimepangwa dabo upande mmoja kwa ajili ya wazazi na twini upande wa pili kwa ajili ya watoto. Mama anaingia kwenye programu, anaona dabo ina bei nzuri wiki hiyo, anabuku dabo mbili, na chini anaandika ombi lake kwa adabu zote. Pale hotelini hakuna dabo mbili zenye mlango kati yake. Hazijawahi kuwepo. Ili mhudumu amsaidie, inabidi amchukulie mtu mwingine twini aliyoilipia, au ampandishe daraja bila malipo, na hiyo inahitaji ruhusa ya meneja ambaye jioni ile ameshaondoka. Ombi lilikufa siku ile ile lilipoandikwa, na hakuna aliyempigia simu kumweleza. Inawezekana kabisa hili ndilo lililokupata Agosti.

Kwa hiyo geuza mpangilio. Kwanza uliza jozi zilizopo ni za aina gani na zina vitanda gani. Ndipo ubuku aina hizo hizo, kwenye bukingi moja, kwa jina moja. Ukibuku chumba kimoja leo na kingine kesho, au wewe kimoja na Baba Kulwa kingine kwenye simu yake, mfumo unawaona wageni wawili wasiojuana na kila mmoja anapangiwa peke yake. Ikiwa umeshafanya hivyo, piga simu, taja namba zote mbili za uthibitisho na uombe zifungwe pamoja.

Kwa ajili yenu nilichukua karatasi nikachora. Dabo ni yenu wawili, na kitinda mimba kwenye kitanda chake cha watoto. Ng'ambo ya mlango wa ndani, twini ya Kulwa na Doto. Usiku unaacha mlango wazi kiganja kimoja, Doto akiita unamsikia, na taa ya bafu inatosha vyumba vyote viwili. Chumba cha tatu ni twini ya mama na binti, kinachopakana na chenu au kinachotazamana nacho, na hicho kisiwe na mlango wa ndani.

Najua ulitamani mama awe ndani ya mzunguko. Mfikirie mume wako kidogo. Huyu ni mama mkwe wake. Alfajiri saa kumi na moja mmoja anatoka bafuni na khanga, mwingine yuko na kaptula ya kulalia, na kati yao kuna mlango ambao mtoto ameuacha wazi. Hakuna atakayekuambia neno, ila wote wawili watalala kama wako safarini ndani ya basi. Nimewahi kumwona baba mtu mzima akizunguka bustani ya hoteli mpaka saa tano usiku, anasubiri mkwe wake azime taa ndipo apande. Wape ukuta. Mapenzi na heshima yao vinahitaji ukuta ule. Binti naye, kwa miaka 13, anahitaji bafu ambalo kaka zake hawaligongi, na bibi akiamka usiku kuna mtu wa kumwashia taa na kumshika mkono.

Magoti ya mama yaweke kwenye swali la kwanza kabisa: kuna lifti? Hoteli nyingi za ghorofa mbili tatu hazina, hasa Moshi. Kama hakuna lifti na jozi iko juu, usikubali mama abaki chini peke yake na binti "kwa sababu ni usiku mbili tatu tu". Tafuta hoteli nyingine.

Jambo dogo la daftari la wageni: hoteli nyingi hazikubali chumba kiandikishwe watoto watupu. Chumba cha mapacha kiandikwe jina la mume wako, cha kwenu jina lako, cha tatu jina la mama, na kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi. Mkiwa nalo kichwani mapema, hamtasimama mapokezi nusu saa huku mtoto amelala begani.

Nikuambie sasa kwa nini nasisitiza kuandika. Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja kutoka Dar alinipigia simu kuomba jozi kwa ajili ya watoto wake watatu. Nikamwambia usijali, dada, nitakuwekea. Nilikuwa namaanisha. Nikaandika kwenye kijidaftari changu, si kwenye mfumo. Siku wanafika mimi nilikuwa mapumziko. Mgeni wa chumba kimoja cha jozi aliahirishiwa ndege, akaomba alale usiku mmoja zaidi, na mwenzangu wa zamu akamkubalia, kwa nini asimkubalie, mfumo ulionyesha chumba kiko huru. Familia ikatenganishwa, korido mbili tofauti. Asubuhi nilipoingia, mlinzi wa usiku akaniambia yule mama aliomba kiti, akakiweka kwenye kona ambapo angeona milango yote miwili, akakesha hapo amejifunika kitenge. Niliingia chumba cha nguo za wafanyakazi nikalia. Toka siku hiyo sijamwahidi mtu chumba kwa mdomo.

Hotelini tunaita kufunga chumba: namba mahususi inawekewa jina lako kwenye mfumo, tarehe zote, na yeyote wa zamu yoyote akiifungua anaona ina mwenyewe. Hicho ndicho unachotafuta. Tuma ujumbe wa namna hii, huu ni wa Moshi, ubadilishe unavyoona:

"Habari za kazi. Tuko saba: watu wazima watatu, binti wa miaka 13, watoto wawili wa miaka 7 na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Tunafika tarehe 22 Disemba, tunaondoka tarehe 26. Nahitaji dabo moja na twini moja zenye mlango kati yake, watoto wapite bila kutoka koridoni, na twini ya pili iliyo karibu nazo bila mlango wa ndani. Tuna mama mtu mzima, hawezi ngazi. Je, jozi hiyo mnayo na mlango unafunguka? Ni namba zipi za vyumba? Mnaweza kuzifunga kwa jina langu kwenye mfumo? Bei ya mkazi kwa vyumba vyote vitatu ni kiasi gani pamoja na kifungua kinywa cha watu saba? Na kama siku hiyo vyumba hivyo havitapatikana, advansi yangu inarudi yote?"

Jibu lake litakueleza kila kitu. "Tutajitahidi" maana yake hawajafunga chochote. "Usijali mama, karibu sana" ni ukarimu, na ukarimu wetu ni wa kweli, lakini hauna namba ya chumba ndani yake. Unataka kusoma kitu kama "108 na 109 zimefungwa kwa jina lako, 22 hadi 26, mama atakuwa 110", na chini yake jina la aliyeandika. Kabla ya hapo usitume advansi. Ukishaituma, kwa namba ya malipo ya hoteli yenyewe na si ya mtu binafsi, omba risiti na weka picha ya ujumbe ule kwenye simu yako na ya mume wako pia.

Kuna hoteli zitakujibu kwa uaminifu kwamba hazifungi namba kabla ya siku ya kufika, ndivyo sera yao ilivyo. Usiwakasirikie. Waambie basi waandike ombi hilo kuwa sharti la bukingi, na kwamba lisipotimia unaruhusiwa kuondoka bila makato. Wakikataa hata hilo, wamekujibu.

Kuhusu tarehe, fanya kinyume cha safari yenu: tafuta Moshi kwanza, Arusha baadaye. Tarehe 22 hadi 26 Disemba Moshi inajaa. Wachaga wanarudi kuhesabiwa, kama watani wao wanavyosema, na si wote wanaolala Kibosho, Machame au Rombo. Wenye familia kubwa, wenye wakwe wageni, wenye harusi na ubatizo wa watoto wa ndugu, wengi wao hulala mjini, na wengi wao wana watoto kama wewe na wanataka mlango ule ule. Mwezi huo huo ni msimu wa watalii wa kupanda Kilimanjaro. Ningekuwa wewe, ningeanza kupiga simu za Moshi wiki hii. Arusha ni afadhali kidogo kwa tarehe zako, kwa sababu hoteli za mjini zinazoishi kwa mikutano ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, na ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hupumua watu wanapoanza likizo. Ungekuja katikati ya mkutano mkubwa ningekuambia vingine.

Halafu saa ya kufika. Ukitoka Mwanza kwa basi kupitia Singida na Babati, mnaweza kuingia Arusha giza limeshakuwa zito. Mwambie mhudumu hilo wazi, siku unayobuku na tena siku moja kabla. Chumba ambacho mwenyewe hajafika usiku na simu yake haipatikani ndicho cha kwanza kuangaliwa pale mgeni mwingine anapotokea mlangoni na fedha mkononi. Siku moja kabla, piga kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana. Saa nne wageni wanatoka, kila mtu ana foleni mbele yake. Kuanzia saa nane wanaingia wapya. Katikati hapo ndipo msimamizi wa zamu anakaa na orodha ya kesho anagawa vyumba. Mwombe afungue bukingi yako akusomee namba. Ukisikia namba tofauti na zile za kwenye ujumbe, bado kuna siku nzima ya kurekebisha.

Mkifika, usishushe mizigo yote. Nenda na funguo wewe na mhudumu, uone mlango. Kwa kawaida inakuwa milango miwili imebandana, mmoja wa kila chumba, na kila mmoja una komeo upande wake tu, ili mgeni wa huku asiweze kuingia kule bila ridhaa. Wahudumu mara nyingi hufungua mmoja wakasahau wa pili. Ifunguliwe yote miwili mbele yako, kwa sababu wa usafi wenye funguo hizo wakishaondoka jioni, mlinzi atakuambia mpaka kesho. Weka kiatu au kiti kuzuia milango isijifunge. Vidole vya mtoto wa mwaka mmoja na nusu viko kwenye kimo kile kile cha bawaba. Birika la umeme lipande juu ya kabati. Mlango wa roshani kwenye chumba cha mapacha ufungwe kabla hata hawajavua viatu. Na mlango wa koridoni wa chumba hicho ukae umefungwa kutoka ndani, wapitie kwenu tu, ila wewe na mume wako mjue kuufungua gizani, maana moto ukitokea au umeme ukikatika mnahitaji njia mbili.

Moshi angalia vyandarua. Iko chini kuliko Arusha, ina joto na mbu, na kitanda cha ziada au cha mtoto mara nyingi huletwa bila chandarua, kwa sababu ndoano ya darini iko juu ya kitanda kikubwa peke yake. Omba mapema. Arusha kwa upande wake usiku hupoa hata Disemba, waombe blanketi la ziada kwa mama.

Ikitokea siku nyingine mmepewa chumba chenye mlango wa ndani ambacho hamkukiomba, na upande wa pili kuna mgeni msiyemjua, jaribu komeo la upande wenu kabla ya kulala. Likiwa limelegea, msilale humo. Hilo ni la kurudi mapokezi saa hiyo hiyo, hata kama ni saa saba usiku.

Umeuliza kuhusu bei. Mlango wenyewe kwa kawaida hauna bei, unalipia vyumba viwili kama vyumba viwili. Gharama inayojificha iko kwa watoto. Mtoto akilala chumba cha wazazi, hoteli nyingi humlaza bure au kwa nusu hadi umri fulani, lakini wakiwa na chumba chao, Kulwa na Doto wanakuwa wageni wa chumba kizima na bei yake nzima. Hapo pana nafasi ya kuzungumza, hasa mkilala siku nne. Omba bei ya watoto kwa chumba cha pili, au waombe kifungua kinywa cha mapacha kiwe bure. Na kila mara taja kwamba mnatoka Mwanza. Hoteli nyingi za ukanda huu zina bei ya mkazi na bei ya mgeni wa nje, na mhudumu aliyezoea barua pepe za Ulaya anaweza kukutumia ile ya juu bila kufikiri.

Ukikosa jozi, usikate tamaa ya safari. Mimi mwenyewe, nikisafiri na wadogo zangu na watoto wao, huwa naanza na kitu kingine kabisa: nyumba ndogo ya bustanini. Upande wa Usa River na Tengeru, na Marangu ukitoka Moshi, zipo lodge zenye nyumba za vyumba viwili na sebule katikati, mlango mmoja tu wa nje, kibaraza cha mama kukaa akitazama wajukuu kwenye majani, na hakuna ngazi. Mkienda Hifadhi ya Arusha kuona twiga na maziwa ya Momella, Usa River iko njiani, na mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio. Ubaya wake ni kwamba uko mbali na mjini, chakula cha jioni utakula hapo hapo kwa bei yao, na usafiri wa usiku ni wa kupanga. Chumba cha familia, kile chenye kitanda kikubwa na vidogo viwili, kinawatosha ninyi na mapacha kwa usiku tatu ikiwa mama na binti wana chao ng'ambo ya korido. Vyumba viwili vya mwisho wa korido, vinavyotazamana, ni nafuu ya tatu: hakuna mtu anayepita kati yenu, unaweza kuacha milango yote wazi mpaka watoto walale. Lakini kwa Doto aliyelia Agosti, hiyo iwe ya mwisho.

Kuhusu kuhama kutoka Arusha kwenda Moshi, ni kama kilomita 80, wala msiamke usiku. Asubuhi ya tarehe 21 piga simu Moshi kama nilivyokueleza. Tarehe 22 kunyweni chai taratibu, ondokeni saa nne, na kama watoto wamechangamka pitieni Boma Ng'ombe mkaogelee kwenye chemchemi ya Chemka. Mtafika Moshi saa tisa hivi, vyumba vimeshasafishwa, na msimamizi wa zamu uliyeongea naye jana yake bado yuko kazini. Mtafute kwa jina kabla hujatoa kitambulisho.